Anayekula mfupa wa jino si bakteria

Mtu akiambiwa ana ugonjwa wa fizi, mara nyingi anachosikia ni kwamba mdomo wake ni mchafu. Anaona haya. Anaanza kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka, na wiki hiyo hiyo ananunua dawa ya kusukutua iliyo kali kuliko aliyozoea. Mimi naona mtu huyu tumemwonea. Tumempa nusu ya maelezo, tena nusu isiyomweleza kwa nini meno yake yanalegea. Kwamba bakteria ndio wachokozi, hilo halina ubishi. Lakini mfupa unaolishika jino hauyeyushwi na bakteria. Unayeyushwa na seli za mwili wake mwenyewe, kwa amri inayotoka kwenye kinga yake mwenyewe, na hilo lisipoeleweka tutaendelea kuushughulikia ugonjwa huu kama uchafu unaosuguliwa mara moja ukaisha.

Wachokozi wana ushahidi wao. Mwaka 1965, mjini Aarhus nchini Denmark, Harald Løe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaomba waache kabisa kupiga mswaki. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa wamevimba fizi. Watafiti hao waliuchunguza ukoga, yaani utando wa bakteria unaojijenga kwenye meno, kwa hadubini siku zilivyokuwa zikipita, wakaona wakazi wake wakibadilika: mwanzoni bakteria wa duara, kisha wale warefu kama nyuzi, na mwishoni wale waliojipinda na wanaojisokota. Mswaki uliporudi, fizi zilitulia ndani ya wiki moja hivi. Ni jaribio dogo, lakini halikuacha mwanya wa kubisha: ukoga ukikaa, ufizi unavimba, ukiondoka, unapona.

Wengi wetu elimu yetu ya fizi imeishia hapo. Tatizo ni kwamba fizi kuvimba ni jambo moja, na mfupa kupungua ni jambo jingine. La kwanza humpata karibu kila mtu anayeacha kusafisha meno. La pili halimpati kila mtu, na anayetaka kujua kwa nini inabidi aende na Løe huyo huyo hadi Sri Lanka.

Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985 alifuatilia wanaume 480 waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya chai. Hawakuwa na mazoea ya kupiga mswaki wala hawakuwa wakitibiwa meno. Wote walikuwa na ukoga mwingi na ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe, na karibu kila ufizi ulioguswa ulikuwa umevimba. Kama uchafu peke yake ungekuwa ndio ugonjwa, wote wangepoteza meno kwa mwendo unaolingana. Haikuwa hivyo. Asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuharibikiwa kabisa zaidi ya fizi kuvimba. Walipofika umri wa miaka 35, wale wa kundi la kwanza walikuwa wamepoteza takriban milimita 9 za mshiko kati ya jino na tishu zinazolizunguka. Kundi la kati lilikuwa limepoteza kama milimita 4. Kundi la tatu, chini ya milimita 1.

Hawa asilimia 11 ndio wanaonishughulisha. Walikuwa na kazi ile ile na ukoga ule ule kwenye meno, tena kwa miaka mingi, na mfupa wao ukabaki mahali pake. Wale asilimia 8 nao hawakuwa wachafu kuliko wenzao. Kilichowatofautisha si kiasi cha bakteria waliobeba, ila namna miili yao ilivyowajibu. Anayemlaumu mgonjwa kwa kila milimita aliyopoteza anamdai deni ambalo sehemu yake si lake.

Ili kuona majibu hayo yanavyokwenda, inafaa kuingia mahali penyewe, pale ambapo ufizi unalikumbatia jino. Ni mahali pa ajabu mwilini. Kwingineko kote ngozi na tando zetu zimejifunga bila tundu. Hapa kitu kigumu kimepasua ukuta na kutokeza nje, kikiishi nusu ndani ya mfupa na nusu katikati ya mate na bakteria. Kinachoziba mpaka huo ni utando mwembamba wa seli zilizoshikana kwa ulegevu, na ulegevu huo una kazi yake. Chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili hupita katikati ya seli hizo mchana na usiku kwenda kuwakabili bakteria kabla hawajaingia. Hata katika mdomo wenye afya, inakadiriwa kwamba neutrofili kama 30,000 huvuka kila dakika. Kwa hiyo ufizi wenye afya si ufizi usio na mapambano. Una mapambano yanayokwenda kwa kiasi, na kiasi hicho ndicho kinachopotea katika ugonjwa.

Hupotea hivi. Dakika chache tu baada ya kupiga mswaki, protini za mate hufunika jino kwa ngozi nyembamba, na bakteria wa mwanzo, hasa wa jamii ya streptokoki, huishikilia. Wengine huwashikilia hao. Fusobacterium nucleatum, mrefu na mwembamba, hushikana na walio chini na walio juu, akawa daraja kwa wanaokuja baadaye. Kadiri utando unavyonenepa ndivyo oksijeni inavyopungua ndani yake, na wasioitaka oksijeni wanapata makazi. Mwili unahisi harakati hizo na kujibu kama unavyojibu popote: mishipa ya damu inatanuka, maji yanavuja kutoka damuni kuingia kwenye tishu, neutrofili zinaitwa kwa wingi. Ufizi unakuwa mwekundu na laini, unavimba, na ule mfereji mdogo kati yake na jino unakuwa kifuko.

Hapo kinatokea jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo kiini cha ugonjwa wote. Maji yanayovuja ndani ya kifuko yamejaa protini. Ukuta wa kifuko unachubuka na kutoa damu, na damu ina chuma. Kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazozishikilia tishu, inavunjwavunjwa na mapambano na kuacha vipande vya protini kila mahali. Wengi wa bakteria wabaya zaidi wa fizi, akiwamo Porphyromonas gingivalis, hawaishi kwa sukari. Wanaishi kwa protini, na chuma wanakipata kutoka kwenye damu. Uvimbe uliokuja kuwafukuza umewaandalia meza. Wanaongezeka, uvimbe unazidi, chakula kinazidi, na mzunguko huo hauna sababu ya kusimama wenyewe. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na fizi akilini, lakini msemo huo unakaa hapa sawasawa.

Huyo P. gingivalis anastahili aya yake. Mwaka 1998 Sigmund Socransky na wenzake walichambua maelfu ya sampuli za ukoga wa chini ya ufizi na kuwapanga bakteria kwa rangi, kulingana na wanaopatikana pamoja. Katika kundi jekundu, linaloambatana na vifuko virefu na kutoka damu, walikuwamo watatu: yeye, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba wahalifu wamekamatwa. Kisha mwaka 2011 George Hajishengallis na wenzake wakatoa matokeo ya majaribio ya panya yaliyobadili mjadala. P. gingivalis alipotiwa mdomoni mwa panya wa kawaida, mfupa ulipungua, ingawa yeye mwenyewe alikuwa chini ya asilimia 0.01 ya bakteria wote. Alipotiwa kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote mwilini, akawa peke yake, mfupa haukupungua. Na panya wenye bakteria wao wa kawaida lakini waliokosa vipokezi fulani vya komplimenti, ule mfumo wa protini za damu unaoamsha kinga, nao mfupa wao ulibaki salama.

Mchache kiasi hicho, na bila majirani hana madhara, na bila kinga ya mwenyeji pia hana madhara. Kazi yake basi ni kuvuruga. Vimeng'enya vyake, jinjipeni, hukata protini ya komplimenti kwa namna inayochochea uvimbe, na wakati huo huo huzifanya neutrofili zishindwe kuua. Kinga inaendelea kuita msaada, ila walioitwa wakifika mikono yao imefungwa. Na walio karibu naye, ambao kabla ya hapo walikuwa wakazi watulivu wa mdomo, wanabadilika kuwa sehemu ya ugonjwa. Tena bakteria huyu hupatikana hata katika midomo ya watu wasio na tatizo lolote la mfupa, jambo linaloniongezea shaka kila ninapoona kipimo cha bakteria kikiuzwa kama jibu la mwisho.

Kuhusu mfupa wenyewe nitakwenda haraka, maana njia inajulikana. Uvimbe ukikaa muda mrefu, neutrofili hazibaki peke yake. Zinakuja chembe nyingine za kinga: makrofaji, seli T, kisha seli B kwa wingi. Roy Page na Hubert Schroeder waliueleza mpangilio huo kwa hatua 4 mwaka 1976, na bado unafundishwa. Seli hizo humwaga kemikali za kupashana habari kama IL-1, TNF na IL-17, pamoja na prostaglandini. Neutrofili humwaga kimeng'enya cha MMP-8 kinachokata kolajeni, yaani kamba zile zinazolifunga jino kwenye mfupa. Kisha inatolewa kwa wingi protini iitwayo RANKL, ambayo huzikomaza osteoklasti, seli ambazo kazi yake halali ni kubomoa mfupa wa zamani ili mpya ujengwe. Katika ugonjwa huu wabomoaji wanaongezeka na wajenzi hawaongezeki. Mimi nauona mfupa hapo kama unaorudi nyuma, mwili ukichagua kupoteza jino kuliko kuwaacha bakteria wafike kwenye taya. Huenda kwa mwili mzima ni uamuzi wa busara. Kwa mwenye jino ni hasara.

Kuna wagonjwa wachache sana duniani ambao hali yao imefundisha kuliko majaribio mengi. Ni watoto wanaozaliwa na kasoro ya kurithi inayozizuia neutrofili kutoka kwenye damu kuingia kwenye tishu. Hupoteza meno wakiwa wadogo. Kwa muda mrefu maelezo yalionekana kuwa rahisi: askari hawafiki, bakteria wanatamba. Niki Moutsopoulos na wenzake huko Marekani walipoyachunguza mafizi ya wagonjwa hao walikuta kingine. Kwa kukosa neutrofili, breki moja ya kinga ilikuwa imekatika, na IL-17 ilikuwa ikizalishwa bila kiasi. Mwaka 2017 walieleza habari za mgonjwa aliyepewa kingamwili inayoziba kemikali mbili za kinga, IL-12 na IL-23, na hiyo ya pili ndiyo inayoamsha IL-17. Haikuwa dawa ya kuua bakteria. Uvimbe wa fizi zake ulitulia.

Ukilishika jambo hilo, mengi tunayoyafanya kwa mazoea yanaanza kuonekana hayatoshi. Antibiotiki, kwa mfano. Mtu fizi zinamuuma, ananunua vidonge, maumivu yanapungua, anaridhika. Lakini bakteria wa ukoga wamejizungushia gundi waliyoitengeneza wenyewe, na ndani yake wanastahimili dozi ambayo ingewaua wakiwa wametawanyika. Vidonge vinapoisha utando upo, ugaga upo, kifuko kipo. Antibiotiki zina nafasi yake kwa baadhi ya wagonjwa walioharibikiwa sana, pamoja na usafishaji, kwa uamuzi wa daktari. Zikitumiwa peke yake na kila mara, tunalea usugu wa dawa bila kuokoa jino hata moja. Dawa ya kusukutua nayo haifiki chini ya kifuko cha milimita 6.

Kinachofaa bado ni kazi ya mikono: daktari anaingia chini ya ufizi kwa vyombo vyake na kuuondoa ukoga na ugaga kwenye mzizi. Watu huiona kama kung'arisha meno, kumbe ni tiba ya kinga. Ukiondoa kichokozi, wito wa hatari unapungua. Uvimbe ukipungua, protini na damu kwenye kifuko vinapungua. Chakula kikipungua, wale wapenda protini wanakosa riziki na wakazi wa kawaida wanarudi. Mzunguko ule ule unageuzwa nyuma. Ndiyo sababu mswaki na brashi ndogo za katikati ya meno, vitumiwe kila siku nyumbani, vinashinda chupa yoyote yenye ahadi kubwa.

Wapo pia waliojaribu kuigusa kinga moja kwa moja. Lorne Golub aligundua kwamba dawa za kundi la tetrasaiklini huzuia vimeng'enya vinavyokata kolajeni, hata kwa dozi ndogo isiyoua bakteria. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha doksisaiklini ya miligramu 20 mara mbili kwa siku, iende sambamba na usafishaji wa chini ya ufizi. Faida yake ni ya kiasi, lakini inapatikana bila kuua bakteria hata mmoja. Hivi karibuni dawa ya kuziba komplimenti imejaribiwa kwa watu na kupunguza uvimbe wa fizi. Nina matumaini na njia hii, pamoja na tahadhari: kinga unayoituliza ndiyo hiyo hiyo inayokulinda.

Sigara na kisukari vinapaswa kusomwa kwa mtazamo huo huo. Mvutaji hupoteza mfupa zaidi huku fizi zake zikitoka damu kidogo kuliko za asiyevuta, maana tumbaku inavuruga mishipa midogo na kazi ya neutrofili. Alama ya hatari imefifishwa, na hapo ndipo ninapowaonea huruma wavutaji: ufizi wao mkavu, wa rangi ya kupauka, unawadanganya kwamba mambo ni shwari. Kisukari kisichodhibitiwa kinaukoleza uvimbe, na uvimbe wa fizi nao unaifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Majaribio mengi yakijumlishwa, kutibu fizi za mwenye kisukari hushusha kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, kwa takriban pointi 0.4 za asilimia baada ya miezi 3 au 4. Si kiasi cha kudharau kwa tiba isiyo hata kidonge. Ningependa kila anayepimwa sukari aulizwe pia kama fizi zake zinatoka damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa visa vya ugonjwa mkali wa fizi vinazidi bilioni 1 duniani. Bila shaka wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Damu hiyo ndiyo inayosomwa vibaya kuliko dalili zote. Mtu anaona wekundu kwenye sinki, anadhani mswaki umemjeruhi, anaacha kupitisha mswaki mahali hapo. Ukoga unapata siku za ziada na damu inazidi. Ufizi mzima hautoki damu kwa mswaki laini. Unaotoka damu tayari umevimba, na unahitaji kusafishwa zaidi, kwa upole, wala si kuachwa. Na pale ambapo ufizi hautoki damu hata unapopimwa ziara baada ya ziara, uwezekano wa mfupa kuendelea kupungua hapo ni mdogo sana, ukimtoa mvutaji.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na mgonjwa ana haki ya kukijua. Daktari huteremsha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, bila kukikandamiza, sehemu 6 kwa kila jino, akitaja namba kwa sauti ili ziandikwe: mbili, tatu, mbili, tano. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4, hasa pakitoka damu, pana la kushughulikiwa. Mgonjwa mwenye kujua namba zake hahitaji kutishwa wala kuaibishwa. Anaweza kuzifuatilia kama mwenzake anavyofuatilia presha.

Taaluma yenyewe imeshaanza kukubali kwamba mwenye mdomo ni sehemu ya kipimo. Utaratibu wa kuainisha ugonjwa uliokubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa wa 2017 na kuchapishwa 2018 haumpi mgonjwa hatua ya uharibifu peke yake, kuanzia I hadi IV. Unampa pia daraja la kasi, A hadi C, na daraja hilo hupanda kwa anayevuta sigara 10 au zaidi kwa siku, au mwenye kisukari ambaye HbA1c yake imefika asilimia 7. Watu wawili wenye ukoga sawa wanaweza kupewa madaraja tofauti, na kila mmoja akapangiwa ratiba yake.

Ratiba hiyo ndiyo wengi wanaiacha. Baada ya usafishaji wa kwanza fizi zinakaza, damu inakoma, mtu anajihesabu amepona. Lakini mfupa uliokwenda mara nyingi haurudi wote, vifuko vingine vinabaki, na bakteria wa chini ya ufizi huanza kujipanga upya ndani ya wiki chache. Kwa hiyo miadi ya kupimwa tena baada ya miezi kama 3, na ile inayofuata kila baada ya miezi michache, ni sehemu ya tiba yenyewe. Daktari anayeipanga anaangalia jinsi kinga ya mtu huyo mmoja ilivyojibu tangu ziara iliyopita.